Sikutia Sahihi

Mwaka 2013 niliitwa Kasulu kusahihisha mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Tulikuwa walimu tisa wa Uraia, tumefungiwa katika maktaba ya shule moja na mafurushi ya karatasi. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, lakini ubishi wetu wote ulikuwa wa Kiswahili.

Swali la saba liliwataka watahiniwa waeleze jinsi serikali inavyoendeshwa katika nchi yenye mfalme, katiba na bunge, na watoe mfano. Wengi waliandika Uingereza, wachache Lesotho. Ijumaa mchana nikafika kwenye karatasi ya mtoto aliyeandika Burundi, miaka ya kwanza baada ya uhuru. Akaeleza vizuri: mfalme ni mkuu wa nchi, lakini kazi ya kutawala iko kwa waziri mkuu na mawaziri, nao hukaa madarakani maadamu bunge linawakubali. Nikampa alama zote.

Kiongozi wetu wa jopo alikuwa mwalimu wa siku nyingi kutoka mkoa mwingine, mpole mpaka apingwe. Alipopitia kazi yangu akanirudishia ile karatasi.

"Dada, hapa umeteleza. Burundi ni jamhuri."

"Leo ni jamhuri, mkuu. Mtoto amesema baada ya uhuru. Wakati ule walikuwa na mwami, yaani mfalme wao, na waziri mkuu, na bunge."

"Kwenye mwongozo haipo. Kata."

Sikukata. Akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya kunihurumia, "Naelewa. Wewe ni wa huko."

Walimu wawili wakacheka. Mimi nilizaliwa wilaya ya Kibondo, nikasoma Kibondo, na cheti changu cha uraia kimekaa kabatini pamoja na vya wazazi wangu. Lakini shavu liliniwaka kana kwamba nimepigwa kofi. Nikasema tutaongea Jumatatu.

Jumamosi nikapanda basi la kwenda Kibondo, na kutoka hapo nikapata gari la Mabamba, kwa baba. Nilimkuta uani anapura maharage. Kabla ya kukimbilia Tanzania, baba alikuwa tarishi katika wizara moja kule Burundi, enzi za mwami. Utotoni nilisikia habari hizo nusunusu, kama mtoto anavyosikia mambo ya wakubwa. Safari hii nilikaa chini nikauliza.

"Shikamoo baba. Hivi mwami alikuwa anatawala, au alikuwa anakaa tu?"

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Umetoka Kasulu kuniuliza hilo?" Akaweka fimbo chini. "Karatasi ya amri ilitoka na jina la mwami juu. Lakini chini ilikuwa lazima waziri naye atie sahihi. Bila sahihi ya waziri, ile ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Mimi ndiye niliyekuwa nazibeba."

"Kwa nini waziri, na mfalme yupo?"

"Kwa sababu mfalme huwezi kumwita bungeni ukamuuliza, 'Kwa nini umefanya hivi?' Waziri unamwita. Aliyetia sahihi ndiye anayejibu."

"Na ilifanya kazi?"

Akacheka bila furaha. "Ilifanya, mpaka wabunge walipomtaka mtu wao awe waziri mkuu na mwami akamweka anayemtaka yeye. Baada ya hapo bunge likabaki jina. Unajua mwenyewe tulikoishia."

Jumatatu niliingia maktaba wa kwanza. Kiongozi alikuja na fomu ya alama. Kwenye swali la saba la yule mtoto alikuwa ameshaandika sifuri kwa kalamu yake nyekundu. Palibaki pengo la sahihi yangu.

"Malizia hapa, dada, tusonge mbele."

"Sitii sahihi, mkuu."

Akaiweka fomu mezani mbele yangu.

"Unakataa agizo?"

"Nakataa kulijibia. Sifuri umeiandika wewe, uamuzi ni wako. Basi na sahihi iwe yako. Mzazi akikata rufaa, wakikuita wilayani, utawaeleza wewe kwamba Burundi haikuwahi kuwa na mwami."

Akachukua kalamu. Akaishika juu ya lile pengo, kalamu haishuki. Waliocheka Ijumaa sasa walikuwa wameinamia karatasi zao. Mwishowe akatoka nje na simu yake. Sijui alimpigia nani. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi hakunitazama. Akafungua mwongozo, akaandika pembeni kwa mkono: "au Burundi, kabla haijawa jamhuri." Akafuta sifuri. Nikatia sahihi.

Hakuniomba radhi kwa lile neno la Ijumaa, nami sikungoja.

Mwaka uliofuata majina ya wasahihishaji yalipoletwa, langu halikuwemo. Mkuu wangu wa shule akanisikitikia. "Mwalimu, ungetia tu sahihi yakaisha. Alama chache tu zile."

"Zilikuwa za mtoto," nikamwambia, "na zilikuwa za kweli."

Hawajaniita tena mpaka leo. Ile mada nilikuwa naifundisha kipindi kimoja; siku hizi naifundisha vitatu, na Burundi ndiyo mfano wangu wa kwanza.