Vigelegele Nyumbani kwa Nahodha

Mimi ni mtu wa bara, ila nikishika kipaza sauti ndani ya basi letu la watalii pale Diani, nawaambia wageni, "Sisi watu wa Pwani." Basi huwafikisha Shimoni, na huko nahodha wetu, Bakari, huwavusha kwa boti hadi kisiwani Wasini.

Juma lile Bakari hakuonekana kazini. Alinipigia simu mara kadhaa nikaiacha ilie tu, maana nilishaamua kwamba ni visingizio. Nikakodi boti nyingine, na njia nzima nikawachekesha wageni kwa uvivu wake.

Tuliposhuka Wasini nikaona nyumba imefungwa turubai mbele, wanaume wamevaa kanzu, pilau inanukia uwani. Mjinga mimi, nikafurahi kama niliyeokota dhahabu.

"Harusi ya Kiswahili!" nikawatangazia wageni. "Huku kwetu harusi huingiwa kwa vigelegele."

Nikaanza mimi, wakafuata wao na makofi juu, tukaingia hadi mikekani bila hata kupiga hodi.

Wanaume waliinua macho kutoka kwenye juzuu walizokuwa wakisoma. Katikati yao akasimama Bakari, macho mekundu.

"Karibuni," akasema taratibu. "Leo ni hitima ya mama. Nilikupigia nikwambie kwamba amefariki, ndugu yangu. Hukupokea."

Nyuma yangu mgeni mmoja, bado anapiga makofi, akaniomba nimtafsirie maneno ya bwana harusi.