Mirunda ya Yusto

Yusto wa Kifanya hakuomba kazi ya daraja jipya kwa sababu ya njaa. Miti yake ilimlisha vizuri tu. Aliomba kwa sababu alisikia injinia ni Ronald.

Ronald ndiye aliyesimamia daraja dogo ambalo Elius, mdogo wake Yusto, alifia chini yake. Aliamuru mirunda, nguzo za mbao zinazoshikilia zege bichi, itolewe mapema, zege likamshukia Elius, na kesho yake akawaambia wakubwa kwamba marehemu alikuwa amelewa. Elius, mwanakwaya wa Kilutheri, ambaye pombe aliijua kwa harufu tu! Mama yao, Feliciana, akaacha kwenda sokoni Makambako kwa kuchoka minong'ono. Yusto akaapa kwamba mtu yule atayameza maneno yake, ikibidi kwa nyundo.

Akapewa ufundi mkuu wa mbao. Daraja lilikuwa la tao, limeruka bonde zima bila nguzo mtoni. Na tao la zege ni kama mtoto mchanga: mpaka likomae, uzito wake wote hubebwa na mirunda. Yusto aliisimika na kuipigia kabari mwenyewe, kila kabari kwa hasira zake zote. Ilisimama imara, kwa kuwa kisasi chake hakikumhusu mtu mwingine yeyote.

Mgeni rasmi wa uzinduzi alipotangazwa, Ronald, yuleyule, akataka mirunda itolewe kabla ya wakati. La kuvunda halina ubani.

"Sawa, bosi," Yusto akasema mbele ya mafundi wote. "Tunang'oa. Ila utasimama huku chini na sisi."

"Mimi nina kazi juu."

"Itakusubiri. Shuka."

Ronald akalitazama tao. Jasho likamtoka, na baridi yote ile ya Njombe.

"Zege bado halijakomaa," akasema hatimaye.

"Na lile la Elius?"

Mafundi walikuwa wameshika nyundo.

"Nalo lilikuwa bado."

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana."

Yusto alitamani Ronald angekataa, nyundo ipate sababu. Badala yake akampakia kwenye pikapu hadi Kichiwa, nyumbani kwa Feliciana, akayarudie maneno hayo kwa mama, majirani wakisikia.

"Kamwene, mama," Ronald akasalimu. Akasema yote, kichwa chini.

Feliciana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani na kutoka na kikombe cha togwa. Kwao mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajaonja, ili ajue hakina sumu. Mama hakuonja. Akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Ronald akakipokea vibaya, togwa ikammwagikia viatuni.

"Kunywa, baba," mama akamwambia. "Mwanangu ulimtuma chini ya zege, wewe hukutangulia. Naye alienda."