Shimo la Ndizi la Koko

Daftari langu la kwanza la Kiingereza bado ninalo. Panya wamelitafuna pembeni, na ukurasa wa tatu una doa kubwa la chai ambalo mtalijua lilikotoka. Ndani yake nimekiri kosa kubwa kuliko yote ya utoto wangu, kwa lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua. Niliona nimejificha vizuri sana.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Kalembe, pale milima ya Masisi inapoishia na msitu wa Walikale unapoanzia, na nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo, nusu kwa nusu. Baba alikuwa mtu wa mlimani, mtu wa maharagwe. Mama alikuwa mtu wa msituni, mtu wa mawese na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Aliyewatawala wote wawili ni bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilimfikia mtu aliyekuwa mlima wa pili. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kumshinda kwa kuivisha ndizi.

Sifa hiyo si ndogo. Kwetu Noeli isiyo na mutobe ni Jumapili ya kawaida tu. Mutobe ni maji matamu ya ndizi mbivu, yanayokamuliwa kwa kuzisugua ndizi na majani makavu. Wengine huyachachusha yakawa pombe, lakini Koko alikuwa mama wa kwaya. Aliyatoa yakiwa matamu vile vile, na sisi watoto tuliyanywa mpaka matumbo yakalalamika. Ila kazi haianzi kwenye kukamua, inaanza shimoni. Koko alichimba shimo nyuma ya jiko, akachoma ndani yake majani makavu ya mgomba mpaka udongo ukashika joto, akatandika majani mabichi, akapanga chane za ndizi moja moja, akafunika majani tena, halafu udongo. Upande mmoja aliacha mdomo mdogo, akauziba kwa majani na jiwe, ili akihitaji kuongeza moshi apate pa kupitia.

"Usiku ine," alitutangazia, akanyoosha vidole vinne vyenye udongo. "Hakuna mutu wa kufungula. Hata pasteri akikuya, mumuambie angoje."

Mwaka ule mutobe ulikuwa na mwenyewe. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa anakuja kutoka Walikale kula Noeli na sisi. Kwa miaka mingi barabara isiyo salama haikumruhusu. Mwaka ule ilikuwa imetulia kidogo, naye akatuma habari kwamba anapanda. Mutobe wa Koko alikuwa ameuonja mara moja tu, siku ya ndoa ya mama, Koko alipopelekesha bidoni tatu, madumu matatu kamili, kwa miguu mpaka msituni. Alikunywa, akaweka kikombe chini, akasema mbele ya wakwe wote kwamba siku atakayofika Kalembe atakuwa amefuata kinywaji hicho, siyo watu. Maneno hayo Koko aliyarudia kila mwaka alipochimba shimo. Mwaka huo aliyarudia kila siku.

Sasa nije kwenye Kiingereza. Kulikuwa na kijana wa kwetu aliyesoma Uganda, na kila Jumamosi alasiri alitufundisha kanisani, watoto wapatao kumi na wawili kwenye mabenchi ya waumini. Likizo ya Noeli ilipokaribia alitupa kazi. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kinachobadilika, mmea au mnyama au mawingu, na kila siku aandike sentensi moja.

"Muandike ile munaona na macho," alisema. "Ile hamukuona, musiandike."

Wenzangu walichagua mambo ya heshima. Mmoja alichagua kuku anayeatamia, mwingine ukungu unaopanda kutoka msituni asubuhi. Mimi Kiingereza nilichokimiliki kilikuwa rangi tu, lakini rangi nilizijua zote, na kwa sauti kubwa. Nikawaza: ni kitu gani nyumbani kwetu kinaingia na rangi moja na kutoka na nyingine? Jibu lilinijia nikiwa nachota maji, na nilijiona nina akili kuliko mwalimu mwenyewe.

Lazima niseme kwamba mimi sijui kusubiri. Mpaka leo chai huniunguza ulimi. Shuleni tulikaririshwa methali ya mvumilivu hula mbivu, nikaisema nimesimama wima na mikono nyuma, nikapigiwa makofi, na wala sikuwaza hata siku moja kwamba inahusu ndizi.

Asubuhi ya kwanza Koko alipokwenda kuangalia maharagwe yake, nililisogeza jiwe, nikatoa majani, nikachungulia. Hewa ya joto ilinipiga usoni. Niliandika sentensi yangu pale pale, nimepiga magoti, ulimi nje: *The bananas are green.* Maana yake ndizi ni za kijani, jambo ambalo ningeweza kuliandika bila kufungua kitu chochote. Nilichungulia tena kuhakikisha, nikaongeza nukta, nikafunika.

Asubuhi ya pili nikafungua: kijani. Ya tatu nikafungua: kijani, ila moja ilikuwa na dalili, na mimi sikujua neno la dalili kwa Kiingereza. Nikakimbilia ndani kutafuta karatasi ya maneno aliyotupa mwalimu. Nilipoipata, mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwetu isiyobisha hodi, na mdomo wa shimo ulikuwa wazi. Nikarudisha majani yakiwa yanadondosha maji, nikaweka jiwe juu, nikaomba Mungu. Asubuhi ya nne nilifungua tena, kwa sababu kazi ni kazi. Hewa iliyotoka safari hii haikuwa na joto lolote.

Alasiri hiyo, siku mbili kabla ya Noeli, Koko alifukua shimo. Mama na mimi tulisimama na mabeseni tayari. Kwa kawaida harufu hutangulia, harufu ya utamu inayoita nzi kutoka kwa majirani. Hakikutoka kitu. Koko akavuta chane ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa ngumu na za kijani, chache zimepauka tu. Akatia mkono mpaka chini kabisa akauacha humo.

"Iko baridi," alisema.

Kisha akakaa chini kwenye udongo. Nilikuwa nimezoea kelele zake, na kelele zingenifaa. Aliigeuza mikono yake akaitazama mbele na nyuma.

"Mikono yangu imekwisha," akasema.

"Apana, Mama, ni mvua tu," mama akasema.

"Mvua haikuanza leo kunyesha. Miaka yote inanyesha na ndizi zinaiva. Ni miye njo nimezeeka." Akamwonyesha mama kihori chake cha mti, kile cha kukamulia, alichoachiwa na mama yake mzazi. "Uchukue. Kuanzia leo weye njo utakuwa unafanya. Miye siwezi tena."

Mama alikataa kukigusa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni tupu, nikajificha nyuma yake na ukweli wangu. Niliona aibu, lakini nisidanganye: niliogopa fimbo kuliko nilivyoona aibu. Jioni nikafungua daftari nikaandika nilichokiona kwa macho, kama mwalimu alivyoagiza. Niliandika kwa Kiingereza, nikiokota maneno kwenye karatasi ya mwalimu, kwamba nililifungua shimo siku zote nne, na kwamba bibi yangu ana huzuni. Nikalala nikiwa mwepesi kidogo.

Mjomba alifika mkesha wa Noeli, na matope mpaka magotini, na mawese, na samaki wa moshi, na uyoga uliofungwa kwenye majani mapana. Kabla hajakaa alianza utani.

"Mama," alimwambia Koko, "nimetembea siku mbili, na maji ya njiani nimekataa. Koo nimelikausha makusudi."

"Kuna chai," Koko alijibu, akarudi jikoni.

Ndizi zenyewe tulizipika na maharagwe. Kanisani asubuhi ya Noeli Koko hakusimama na kwaya. Alikaa benchi la nyuma akasema kifua kinamsumbua. Nyumbani alimpa mjomba chai ya pili, akampa ya tatu, na kila alipompa alitazama pembeni. Mjomba alikuwa mtu mzima, alielewa, hakuuliza. Ili kuchangamsha nyumba akanigeukia mimi.

"Nasikia mupwa wangu anasoma Kingereza. Simama, binti yangu, tusikie."

Baba alipiga benchi kwa furaha. Mama alileta daftari mwenyewe, kwa mikono miwili, kama Biblia. Ningefanya nini? Nilisimama nikasoma. Nilisoma kijani ya kwanza, kijani ya pili, kijani ya tatu na ya nne. Nilisoma kwamba nililifungua shimo. Nilisoma kwamba bibi yangu ana huzuni. Nilisoma kwa matamshi mazuri, maana hata katika dhambi nilipenda sifa. Nilipomaliza, nyumba nzima ilipiga makofi. Mjomba alipiga kigelegele kama mwanamke, na mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Koko, anapiga makofi kuliko wote. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ya shimo.

"Inasema nini?" aliuliza.

Ningeweza kusema lolote. Ningesema inahusu Yesu na wachungaji, na hakuna ambaye angebisha. Lakini alikuwa ananipigia makofi kwa mikono ile ile aliyosema imekwisha.

"Inasema ndizi," nilisema.

"Ndizi aje?"

Nikasema yote. Nilisema kwa Kiswahili, nikilia, toka jiwe mpaka mvua mpaka asubuhi ya nne. Nilipofika kwenye nukta niliyoongeza baada ya kuchungulia mara ya pili, mjomba alishindwa kujizuia. Alicheka chai ikiwa mdomoni, na ile chai yote ikaishia kwenye ukurasa wangu wa tatu.

Koko hakucheka. Alinisogelea.

"Siku zote ine?"

"Zote, Koko."

"Na mvua ikaingia mule?"

"Iliingia."

Aliitazama tena mikono yake, mbele na nyuma, akaikunja, akaikunjua.

"Basi mikono yangu iko muzima," alisema polepole. Halafu akamgeukia mama, na sauti ya mlima wa pili ilikuwa imerudi. "Mama, ile kihori yangu, usijaribu kuichukua! Sikufa bado!"

Mama akasema hakuwa amekigusa. Ndipo Koko akakumbuka kunishika sikio, akalivuta mpaka nikajua kuwa nimesamehewa, kwa sababu mtu aliyekukasirikia kweli hagusi sikio lako hata kidogo. Nililia zaidi, kwa furaha, na sikio linawaka.

Mjomba akatangaza kwamba harudi Walikale. "Miye sitafika kwetu na chai ndani ya tumbo," alisema. "Bibi yangu, mama ya watoto wangu, atasema nimetoka kumutazama mugonjwa. Nangoja Bonane."

Adhabu yangu ikawa hiyo Bonane, mwaka mpya. Shimo la pili nililichimba mimi, na lilipofukiwa niliwekwa niwe mlinzi, nikae kwenye kigoda karibu na jiwe, jiwe nisiliguse. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Siku ya kwanza nilikalia mikono yangu. Daftari lilikuwa magotini na mwalimu alishasema tusiandike tusichokiona. Mwishowe niliandika kwamba leo sikufungua. Siku ya pili niliandika vivyo hivyo. Siku ya tatu Koko alinihurumia, akakichukua kiganja changu akakilaza juu ya udongo.

"Ngoja kidogo," alisema. "Unausikia ule moto?"

Niliusikia. Joto lilikuwa linapanda taratibu kutoka chini.

"Njo vile tunaona," akasema, yaani ndivyo wanavyoona, akaenda zake kupalilia. Niliandika kwamba leo sikufungua, na ya nne pia.

Siku ya Bonane harufu ilitoka kabla Koko hajamaliza kuondoa udongo. Ndizi zilikuwa za njano, zimetapakaa madoa meusi, na maganda yake yalichubuka yalipoguswa tu. Tulikamua mpaka viwiko vikanata. Mjomba alipewa kikombe cha kwanza. Alikunywa, akakiweka chini, tukangoja aseme neno kubwa kama lile la siku ya ndoa. Alikinyoosha tena kikombe kwa Koko, na Koko alipomjazia, nilimwona akiuma mdomo ili asicheke kwa kiburi.

"Sasa tusikie Kingereza," mjomba alisema, akafuta ndevu. "Ile ya safari hii."

Nilisimama nikasoma sentensi zangu nne, ambazo zilikuwa sentensi moja. Wakapiga makofi.

"Inasema nini?" mjomba aliuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Koko, ambaye mpaka leo hajui neno moja la Kiingereza, alikuwa ameshamjibu.

"Inasema hakufungula," alisema. "Siku ine yote, hakufungula."

Kisha akanimiminia kikombe changu, akakijaza mpaka juu.