Kifungu Nilichokifuta kwa Kumwonea Mkwe Haya

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomwomba wakili afute kifungu cha tisa. Nilikuwa kijana, nina cheti cha kidato cha nne na mke wa miezi sita, nikajiona mtu mzima.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa akisaga unga wa lishe hapa Mtoni. Karanga alizichambua moja moja. Kina mama walitoka hadi Mbezi Luis kuufuata. Kazi ilipomzidi, baba mkwe wangu, mwenye mashine kubwa Boko, akaomba autengeneze yeye na kuuuza kwa jina la mama. Mama hakujua kusoma; makaratasi yalikuwa yangu.

Wakili wetu alikuwa Bi Zehra wa Temeke, mama wa Kihindi aliyesema Kiswahili cha pwani kunishinda. Aliandika kwamba mama, au atakayemtuma, ataingia ghalani saa yoyote ya kazi, achukue unga wa kupimwa na kuona daftari la nafaka iliyoingia. Akikuta uchafu, au akizuiwa mlangoni, mkataba unavunjika na jina lake linarudi.

Nikaona aibu. Kwetu mkwe humwingilii chumbani, seuze ghalani. Bi Zehra alivua miwani akanitazama.

"Baba, mkweo akinunua gunia la mahindi hulifungua akatia mkono. Muuzaji hanuni. Wewe unaogopa nini?"

Nikamwambia sisi ni ndugu. Akafuta, akanitaka niweke sahihi pembeni ya mstari ule, nisije kusema sikujua. Nyumbani mama aliuliza jambo moja tu: ataweza kuingia kuangalia? Nikamjibu, "Mama, pale ni kwetu."

Haukupita mwaka, mifuko ikaanza kurudishwa. Unga mchungu, unanuka ukungu. Mama mmoja alikuja amembeba mwanawe anayeharisha; hakugomba, aliuweka mfuko miguuni pa mama yangu akaondoka. Nikamuuliza mkwe kwa heshima zote. Akacheka, akaniagizia chai. Kesho yake mama akaenda Boko mwenyewe. Mlinzi wa getini akamwamkia vizuri, kisha akamwambia, "Bibi, jina lako kwenye mfuko naliona, ila kwenye orodha yangu halipo."

Alisimama juani hadi adhuhuri.

Tulirudi kwa Bi Zehra. Akasema mifuko iliyorudishwa mkwe atadai iliharibikia dukani; bila ushahidi mkataba hauvunjiki, na ushahidi uko ndani, na mlango wa ndani nimeufunga mimi.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Heri angenigombeza. Kinu chake alikigawa, na alikufa mifuko yenye jina lake ingali madukani. Na ule ukwe niliouonea haya? Mke wangu alizikwa bila baba yake kuja.

Mwanangu, kifungu cha kukagua kiandike mapema, mngali mnacheka. Usiandike "kwa makubaliano ya pande zote," maana siku utakayotaka kuingia ndiyo siku mwenzio hatakubali. Taja nani anaingia, anaonyeshwa nini, anatoa taarifa siku ngapi kabla, na akizuiwa kinafuata nini. Sijui kama utanisikia. Mie niliambiwa na mwenye kujua, nikaona anamtukana mkwe wangu.

Mungu akupe uso mkavu wa kuuliza ungali kijana, na asimsimamishe mzazi wako kwenye geti la mtu. Amina.