Misumari Iliyogongwa Nusu

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya Busunzu, mtu akiezeka nyumba kwa bati watu walikuja kuitazama kama wanavyomtazama bibi harusi. Baba yangu alipoezeka ya kwetu, nilipita kijijini shingo imenyooka, nikidhani kila jicho linanifuata mimi mwenyewe, Skola binti wa mwenye bati. Kumbe walikuwa wanaangalia kamasi. Lakini niacheni nijidai kidogo, wa rika langu mnaelewa. Tulikuwa tunatoka kwenye paa la nyasi linalodondosha viwavi kwenye mboga, tunaingia chini ya paa linaloimba. Mvua ikinyesha tulikula ugali wa muhogo na isombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese huku tukipigiana kelele kama viziwi, na tukajiona tumefika.

Sasa nieleze kioja cha bati lile. Baba na Mama walivuka mpaka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni, na akilini mwa Baba safari ilikuwa haijaisha. "Tuzotaha," alisema kwa kila jambo, yaani tutarudi nyumbani. Ukimwomba tupande mparachichi: wa nini, tuzotaha. Mama akitaka kabati: la nini, tuzotaha. Basi hata mabati aliyagongelea misumari michache, tena nusu tu, kila msumari na kipande cha kandambili kuukuu chini ya kichwa chake, ili siku ya kuondoka aing'oe bila kuchana bati. Kila bati alilipaka alama ya bluu kwa ndani lisije likachanganyika na la jirani kwenye lori. Lori gani, la nani, hatukujua. Juu akapanga mawe ya kuyakalia. Na hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za upande wetu zilikuwa za watu waliovuka kama sisi, na mapaa yote yalikaa hivyo, kama kofia za kuazima.

Nyuma ya mlango palikaa furushi: blanketi, sufuria, mbegu za maharage, Biblia. Mimi mtoto wa kwanza ndiye niliyepewa cheo cha kulibeba. Baba alitufanyisha mazoezi. Akipiga makofi, nanyakua furushi, Mama anambeba mdogo wangu Leonsia, tunakimbilia barabarani kulisubiri lori. Shuleni nilishika mkia kwenye hesabu, na kwenye rede nilipigwa mpira kabla wenzangu hawajamaliza kujipanga, lakini kwa kunyakua furushi sikuwa na mpinzani. Hadi leo, mtu akipiga makofi kanisani karibu yangu, mkono unacheza.

Kwa upande wa mvua, tulichokiogopa ni radi tu. Wingu likitanda, Mama alipaza sauti: "Skola, kioo!" Nami nilikifunika kioo kwa kitenge, nikavua gauni jekundu, nikatoa sufuria uani, nikamkataza Leonsia kusimama mlangoni. Nilikuwa waziri kamili wa mambo ya radi. Upepo haukuwa na waziri.

Kitu kingine cha kujua ni shimo. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, Mama alikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe. Baba alikuwa mzee wa kanisa, ameokoka, pombe haipitishi hata mdomoni kwa hadithi, na shimo lile lilimtia aibu mbele ya wenzake. "Mama Skola, lifukie hilo shimo." Mama akajibu kwa heshima zote, "Nitalifukia kesho." Alilifukia kesho miaka na miaka.

Ikaja alasiri moja, mwanzo wa mvua za kwanza. Tulikuwa tumetoka shule, tunacheza rede uani. Kuku wakaingia bandani mapema bila kuambiwa na mtu. Mbingu ikawa na rangi ya maji yaliyolowekewa muhogo, na migomba, ambayo huwa hainyamazi, ikanyamaza. Nikakimbilia kioo changu. Nilikuwa nafunga kitenge fundo la pili niliposikia mngurumo unapanda kutoka bondeni, mzito, usiokatika.

Baba alikuwa barazani ananoa panga. Akainua kichwa. "Lori," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akapiga makofi.

Mazoezi yote yale hayakwenda bure, nawaambia! Nikanyakua furushi, na kioo kwapani kwa kuwa nilikuwa nacho mkononi, nikafika barabarani wa kwanza. Jirani yetu mzee Stefano, aliyevuka na wazazi wangu siku moja, alikuwa ameshatoka na furushi lake kichwani, amevaa na koti. Tulisimama pale kando ya barabara tumejipanga vizuri, wasafi, tayari kwa safari, tunakitazama kifo kikija tukidhani kinakuja kutupakia.

Halafu tukaliona. Lilikuwa nguzo ya udongo inayotembea, inavuka shamba la mihogo, na ndani yake mabati na matawi yanazunguka kama karatasi. Visulisuli tulivijua. Wakati wa kiangazi tulivikimbilia vile vidogo tukaruka katikati yake tukicheka. Hiki kilikuwa babu yao. Nami, waziri wa radi, nilifanya jambo moja tu la maana: nikahakikisha kioo kimefunikwa.

"Shimoni!" Mama alipiga ukelele. Akanishika sikio, nikang'ang'ania furushi, akanizaba kibao cha mkono likaanguka, akanikokota hadi nyuma ya nyumba, na tukatumbukia juu ya mikungu ya ndizi, Leonsia chini, mimi juu ya Leonsia. Baba alikuja wa mwisho. Alisimama ukingoni akiita, "Stefano, ngwino! Njoo huku!" Mzee Stefano aligeuka, akaanza kukimbia kuja kwetu, furushi bado kichwani. Mama akamvuta Baba mguu, akaangukia ndani.

Sitawaeleza kelele ile, sina maneno yake. Ilipoisha, tulikuwa tumefunikwa majani ya migomba, na mzee wa kanisa amekaa kitako juu ya ndizi mbivu za pombe, zinamtiririka hadi kwenye soksi. Mama hakulitaja shimo siku ile wala siku nyingine yoyote, na hiyo ndiyo iliyomtesa Baba zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa kuta tupu. Kioo kilikuwa kwapani kwangu, kizima, kitenge chake na mafundo yake mawili. Nilitamani kucheka nikashindwa, maana barabarani mzee Stefano alikuwa amelala chini ya bati na hakuamka. Baba alikwenda, akapiga magoti. Kabla ya kuomba, kabla hata ya kumfunika, alilipindua lile bati akatazama ndani yake. Alikuwa anatafuta bluu. Haikuwepo.

"Si letu," Mama alimwambia taratibu. "Ihangane, vumilia, Baba Skola. Si letu."

"Lingeweza kuwa letu," Baba alisema. Akakaa chini pale barabarani akalia, na ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, ingawa alikuwa na sababu nyingine nyingi maishani.

Jioni habari zikaanza kufika. Hakikuwa kisulisuli kimoja, vilifuatana kama vimetumwa, kutoka kwetu hadi upande wa Kasanda, na karibu kila kijiji kilikuwa na msiba wake. Tuliowazika siku zile wengi hawakuuawa na upepo wenyewe. Waliuawa na vitu tulivyoviweka juu ya vichwa vyetu kwa mikono yetu, bila kuvifunga.

Watu waliturudishia mabati yetu kutoka mashambani, ile bluu ikiwaongoza. Safari hii Baba alitumia waya, akafunga kenchi za paa kwenye nguzo, akaondoa mawe, akagonga misumari mpaka kichwa kikalala juu ya bati. Mama alikuwa anashikilia ngazi. "Na siku ya kuondoka?" akamuuliza. Baba alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa na kusema, "Twaratashye." Tumeshafika nyumbani. Aliingia ndani akaendelea kugonga huko mpaka giza, sisi hatukuelewa anagonga nini tena. Mwaka ule tulipanda mparachichi, na Mama akapata kabati. Shimo alilichimba upya Baba mwenyewe, refu na pana, akaliwekea na ngazi. Ndizi ziliendelea kuivia humo, naye alizipita akitazama mbinguni.

Siku hizi naishi Kasulu, nauza vitenge, nimezeeka vibaya. Mvua za kwanza zikikaribia nampandisha mwanangu Beni darini akague kila skrubu, nakata matawi yanayoinamia nyumba, na nyuma ya duka nina shimo ambalo majirani wanadhani ni la taka. Beni ni fundi wa kuezeka, ana drili ya umeme, na simu yake inamwambia asubuhi kwamba alasiri kutakuwa na upepo mkali. Anausoma ujumbe, anaufuta, anaanika nguo. Wingu likija, vijana wa mtaani wanatoka nje kulipiga picha. "Mama, unazingua," ananiambia akiniona nimesimama mlangoni naangalia kuku. Sisi hatukuwa na wa kutuambia lolote ila kuku, na kuku hatukuwasikiliza, kwa hiyo sina sana cha kujivunia.

Mwezi uliopita tulikwenda Busunzu kuibomoa nyumba ya wazazi. Baba na Mama wamepumzika kwenye udongo uleule, karibu na mzee Stefano, na kuta zimechoka. Beni alipanda na nyundo yake, akaahidi kwamba mpaka saa sita mabati yote yatakuwa chini. Saa sita ilimkuta anatokwa jasho kwenye bati la kwanza. Akavuta, akatukana kimoyomoyo, akavuta. Mwishowe alishuka, akaingia ndani, akamulika kwa simu, akaniita.

Niliinua macho. Bluu bado ilikuwepo, imefifia. Na kila msumari, mstari kwa mstari, ulikuwa umepita kwenye mbao ukatokea upande wa pili, na ncha yake imegongwa ikakunjwa, ikalala kwenye mbao kama kidole kilichoshika.

"Mama, huyu babu alitaka hili paa lisitoke kabisa?"

Nikamwambia ndiyo. Alichelewa kuamua, lakini alipoamua, alikunja na ncha. Beni alizima taa ya simu, akatoka nje, na mabati tukayaacha palepale.