Nilipomzika Paka Kaburini kwa Bibi

Harufu ya Matrah, mji wa bandari wa Oman, iliyonikaa puani hadi leo ni ya papa mkavu iliyochanganyika na ubani. Kila asubuhi samaki walianikwa karibu na pwani, na kila asubuhi Bibi, mama yake baba, aliifukiza nyumba nzima ili aifukuze harufu ile, na hakufanikiwa hata siku moja. Tulikuwa tumetoka Unguja mwaka 1964, baba, mama, Bibi na mimi, na baba alikuwa amepata kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara mmoja. Kwa nasaba tulikuwa watu wa Oman, lakini tukifungua midomo tulichekwa, maana Kiarabu chetu kilikuwa cha kuokoteza. Bibi hakujali. Alijipatia rafiki asiyecheka lugha ya mtu: paka mweupe aliyejiingilia kwa mlango wa jikoni. Alimwita Nunu, akamsemesha Kiswahili kutwa.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi alipougua ugonjwa wa kufa, na mwenyewe alijua haponi. Alasiri moja alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, mie nnakwenda zangu. Nunu nnakuachia wewe, si mamako wala babako. Usimwache akalala na njaa." Nikamjibu, "Inshallah, Bibi." Wiki ile ile akafariki. Akazikwa katika makaburi yaliyo chini ya mlima, akawekewa mawe matatu kama ilivyo ada ya kule kwa mwanamke, bila jina. Mama akazitoa sadaka nguo zake. Doti yake ya kanga za maua mekundu aliigawa: kipande kimoja akapewa Mama Rahma, cha pili nikaachiwa mimi cha kujifunika.

Mama Rahma alikuwa mjane mwenyeji wa pale, akikaa katika kibanda cha makuti ya mtende ubavuni mwa makaburi. Bintiye wa pekee, huyo Rahma, alikuwa amezikwa humo, na mlinzi alimruhusu kuingia kila alasiri kukaa naye kidogo. Akirudi alikuwa na desturi ya kuwatupia paka wa mtaa vichwa vya samaki. Watu walimwona mtu wa ajabu, ila hawakumgusa.

Nunu alinifuata kila nilikokwenda, nami nilianza kumwonea haya. Wasichana wa jirani, ambao niliutaka sana urafiki wao, walinicheka wakaniita mama wa paka. Asubuhi moja, ili asinifuate, nilimfungia katika ghala ya tende. Mchana baba akatuambia tujitayarishe, tunakwenda Sib harusini kwa jamaa. Tulikaa huko siku tatu, na ilikuwa kiangazi, joto la kuivisha tende mtini. Siku ya pili, nikila halua, nilimkumbuka. Nilijua kuwa nikisema baba atakasirika, na huenda tukarudi kabla ya bi harusi kutolewa. Nikaendelea kula. Tuliporudi nilimkuta nyuma ya mlango, amekauka, makucha yamekwaruza mbao.

Sikumwambia mtu. Nilimfunga katika ile kanga ya Bibi, na wakati wa kailula, usingizi wa mchana, watu wote wamelala na mlinzi pia, nilimchukua hadi makaburini. Nilichimba kwa kijiko cha chuma miguuni pa Bibi. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba nikimrudishia paka wake, atanisamehe. Nikasoma Fatiha, sikujua kama inafaa, nikarudi nyumbani.

Shimo langu lilikuwa fupi. Baada ya siku mbili mbwa walilifukua. Mlinzi akaja kumwita baba, na mimi nikamfuata nyuma. Watu walikuwa wamekusanyika na minong'ono imeanza: mnyama kazikwa juu ya maiti, kafungwa kitambaa, hii ni sihiri. Kisha mmoja akaitambua kanga. Siku hizo kanga hazikuwa nyingi mtaani, na wote walikuwa wamemwona Mama Rahma akijitanda ile. Wakamleta. Yeye paka anawalisha, yeye makaburini anaingia kila siku.

"Wallahi si mimi," alisema, tena na tena. "Kanga yangu ninayo nyumbani. Niacheni nikailete!"

Hakuna aliyemwacha aende. Mlinzi akamwambia kwamba kuanzia siku ile asikanyage tena makaburini. Mama Rahma hakubishana zaidi, aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Na mwanangu?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno moja lingetosha. Nilimtazama baba, naye akaniangalia, kisha akanishika bega na kusema, "Twende nyumbani." La kuvunda halina ubani, lakini siku ile mimi nilivunda na hakuna aliyesikia harufu.

Miaka mitatu iliyofuata nilipita pale kila siku nikienda chuoni kusoma Kurani, nikamwona Mama Rahma amekaa nje ya ukuta, uso ameuelekeza upande wa mwanawe. Mara nyingine aliniita akanipa tende. "Bibi yako alikuwa mtu mwema," aliniambia. Nilizipokea na kuzila. Alikufa kabla mwaka 1970 haujafika, na hadi anakufa hakuruhusiwa kuingia.

Nilikiri kwa baba nikiwa mtu mzima, yeye akiwa mzee hawezi kutoka nyumbani. Nilidhani atashtuka. Badala yake akasema, "Nilijua. Kipande kile nilikuwa nakiona kitandani kwako." Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza. "Tulikuwa wageni, mwanangu. Wangesema watu wa Zanzibar wameleta uchawi. Yeye alikuwa peke yake." Alilia, na mimi nikalia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga na haki yake tukakaa nayo.

Sasa naishi Qurum, mtaa wa kisasa, na paka wa wajukuu wangu ana daktari wake. Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba nchi nyingine watu huzikwa pamoja na wanyama wao, yeye na wanawe wakacheka, wakaniuliza naonaje. Nikasema sijui. Wa rika langu, tukikutana kwenye kahawa, hupenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na utu, si kama hawa wa leo wanaopitana ndani ya magari bila salamu. Wote huitikia. Mimi huangalia kikombe changu. Zamani hiyo naijua, nilikuwamo.