Hadidja wa Alunguli na Majani Yaliyokwenda Nyumbani

Mimi Jeanne nimesoma hadi mwaka wa sita wa shule ya primere, kwa masista, na kaye zangu, yaani daftari, hazikuwahi kuwa na doa. Ndiyo maana, shirika moja lilipowaita mama wauzaji wa Alunguli, mtaa wetu hapa Kindu, wajifunze maneno ya biashara, yaya Hadidja alinishika mkono akasema, "Twende wote. Wewe utaandika, mimi nitakumbuka."

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. Yeye ana miaka themanini, au karibu, na shuleni hakukaa hata siku moja. Ninaandika habari zake kwa sababu watoto wangu watatu walikula kwa mkono wake, na kumwambia asante kwa mdomo peke yake naona haitoshi.

Hadidja anapika vitumbua vya mchele wa Kibombo. Tangu ujana ameinamia moto wa kuni, na moshi umemharibia macho. Machozi yalikuwa yanamtoka asubuhi hadi jioni. Muganga wa hospitali alimwambia wazi: ukiendelea na moshi huo, utapofuka. Sasa lile shirika lilikuwa na furu moja, yaani jiko la kuokea, ya kufungwa vizuri, yenye bomba la kutoa moshi nje. Angepewa mama ambaye chakula chake kingeonyesha kupendwa zaidi na makiliya, yaani wanunuzi. Hadidja akaacha mafuta, akabuni mkate mdogo wa mchele na tangawizi, wa kuokwa.

Mwalimu wetu Didier, kijana mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi, aliandika ubaoni: kiliya mulengwa, yaani yule unayemtengenezea chakula, kionjo, kiwango cha kurudi kwa makiliya, sondage, yaani kuuliza watu wengi na kuhesabu majibu yao. Mimi niliandika, na njiani nilimsomea Hadidja. Maneno yalimkaa kichwani kama sala. Asubuhi moja alimpigia kelele mwenye pikipiki:

"Wewe! Wewe njo kiliya mulengwa wangu!"

"Mama, mimi nimekosa nini?" yule akajibu, akaongeza mwendo.

Siku ya sondage tulikaa kwenye kivuko. Watu arobaini wakaonja mkate wa Hadidja, watu arobaini wakaonja biskuti za kalanga za Nathalie, mke mdogo wa jirani yetu. Kila muntu aliulizwa: umependa? Nathalie alipata ishirini na saba. Hadidja alipata arobaini.

"Mia kwa mia!" Didier alisema, na mama wote wakapiga vigelegele. Mimi nilikwisha kuiona furu kwenye uwanja wetu.

Hadidja peke yake hakucheka. "Mwalimu, hiyo namba iko uongo."

"Koko, bibi yangu, watu arobaini wamesema ndiyo!"

"Wewe ulizaliwa Kindu?"

"Kisangani, koko."

"Njo maana. Hapa, nani atamwambia mama mwenye mvi kwamba mkate wake ni mubaya? Mama yake mwenyewe atamupiga kofi! Nathalie, ye wanamwambia: chumvi nyingi, imeungua. Mimi wananiambia asante mama, Mungu akuongezee siku."

Nilimvuta kitenge. "Yaya, nyamaza! Furu njo yako!"

"Na macho njo yangu, Jeanne. Lakini nikioka kitu ambacho watu hawatarudia, kuku watataga ndani ya furu hiyo."

Nilijua maneno hayo yanatoka wapi. Mwaka 2002 mji wetu ulizingirwa. Njia za mashamba zilifungwa, treni haikufika, chumvi ikawa kama dawa. Mume wangu alikuwa ameuawa kwenye njia ya Kailo. Hadidja aliniweka kando ya kikaango chake, na siku ambazo mitumbwi iliruhusiwa kuvuka, tuliuza vitumbua viwili viwili ndani ya majani ya mangungu, yale mapana. Mchele ulipopungua, mimi ndiye niliyesema tuchanganye unga wa muhogo, muhogo wenyewe mchungu. Watu walikula, wakasema, "Asante, mama, vitamu."

Nikafurahi. Jioni Hadidja akaokota majani yaliyotupwa, akayahesabu.

"Jana tulitoa majani thelathini, yakabaki hapa kumi. Leo tumetoa thelathini, yamebaki ishirini na nane."

Sikuelewa.

"Jana walikula kimoja, kimoja wakafungia watoto. Leo wamemaliza vyote hapa hapa, ili njaa itoke. Chakula ambacho muntu anaona haya kumpelekea mutoto wake, hakukipenda."

Kesho yake tukaacha muhogo. Tulipika vichache, na watu wakarudi. Hivyo ndivyo tulivyopita vita. Watoto wangu wote wako hai, mmoja ni muuguzi kule Kibombo.

Basi Hadidja akamwambia Didier, "Wape vipande viwili viwili ndani ya jani. Usiulize kitu. Tuone nani anabeba."

Siku ya kwanza ilikuwa ya mkate wa tangawizi. Watu walitafuna, wakashukuru sana. Mmoja alimpa mbuzi kipande cha pili akidhani hatumwoni. Kati ya arobaini, tisa tu ndio waliobeba. Siku ya pili, biskuti za Nathalie zilivuka mto ndani ya majani thelathini na matatu.

Didier aliturudisha darasani. Halafu akaandika ubaoni neno jipya: biais. "Ni pale jibu linapoinamishwa upande," akasema. "Hapa limeinamishwa na heshima. Asante, koko. Mimi nilikuwa nawapelekea wakubwa namba ya adabu."

Furu ilikwenda kwa Nathalie. Hadidja alikuwa wa kwanza kumshika mkono. Mimi nililia njia nzima, na yeye akanicheka: "Sasa nani ana macho ya machozi?"

Siku mbili baadaye Nathalie akaja, akapiga goti.

"Koko, mimi najua kuoka, lakini kusoma watu sijui. Kuja ukae na mimi kwenye meza ya kuuzia. Moto niachie."

"Na cheo changu?"

"Cheo gani tena, koko?"

"Jeanne, tafuta kwenye kaye neno kubwa."

Nikatafuta. Tukampa: mkuu wa sondage. Akalikubali kama muntu aliyelingoja siku nyingi.

Sasa anakaa mezani, upepo wa mto unampiga usoni, mbali na moshi. Baada ya miezi miwili machozi yakakauka. Muganga amesema macho yatabaki. Na juzi alinituma Kailo na kikapu cha biskuti mpya za ndizi, kwa sababu anataka kuwajua watu wa huko. "Usiwaulize kitu," alinikumbusha. Katika umri wangu huu bado ninatumwa, na ninamshukuru Mungu kwamba anayenituma ni yeye.